Nimeliliwa Kawangware Nikiwa Ndani ya Mashua Yangu

Wapendwa wa grupu, mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu picha zimeshaanza kuzunguka, na watu wa Kawangware wana simu nzuri kuliko yangu. Yule mtu ambaye miguu yake imechungulia kwenye turubai ni mimi. Soksi ni zangu. (Moja ina tundu. Nitafika hapo.)

Leo nimeaibika mpaka aibu yenyewe ikanionea huruma.

Wale mlionijua Naivasha mnaikumbuka mashua ya Barasa. Kwa wale mlioingia juzi: Barasa alikuwa mume wangu, na kazi yake ilikuwa kuwazungusha wageni ziwani waone viboko. Mungu hakutupa watoto, alitupa mashua. Mbili, kusema kweli. Ya kwanza ilikuwa ya mbao, iliitwa Bahati, na kiboko akaikalia. Ya pili ni ya faiba, nyeupe, na Barasa aliiandika jina ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka la dawa: BAHATI II. Nilimwambia hilo jina lilishatushinda. Akanijibu, "Nafula, ile ya kwanza haikuzama. Ilikaliwa."

Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye.

Alifariki mwaka juzi. Mimi nikahamia Nairobi, hapa Kianda, Kibera, nikakodi chumba, nikaweka cherehani mlangoni, nashona sare za shule. Mashua ikabaki Naivasha, imefungwa gatini.

Sasa hiyo gati. Zamani ulikuwa unaifunga mashua yako kwenye mti ufuoni, unamwachia mlinzi kitu kidogo cha chai, basi. Halafu ziwa likapanda. Ufuo wa bure ukamezwa, miti ikabaki imesimama ndani ya maji kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Ufuo uliobaki una mwenyewe. Mwenyewe akajenga gati ya mbao, akaweka taa, akaajiri mlinzi mwenye kofia, na ada ya kuegesha ikaanza kupanda kuliko ziwa. Mara ada ya ulinzi. Mara ada ya taa. Mwaka huu ikaja ada ya mandhari. Mandhari! Mashua imefunikwa turubai gubigubi, inaangalia nini?

Wenye mashua wenzangu wakaondoka mmoja mmoja. Mmoja aliigeuza yake nyumba ya kuku. Mimi nikaendelea kulipa. Mashua imelala tu, haijabeba hata bata.

Mtaniuliza kwa nini. Basi niwaambie, kwa kuwa leo sina heshima ya kulinda. Kila mwisho wa mwezi karani wa gati, mwanamume mpole anayeitwa Kamau, alikuwa ananipigia simu kunikumbusha ada. "Mama Bahati, umeamkaje? Nairobi kunanyesha?" Tunaongea mvua kidogo. Tunaongea viboko. Ananiambia ni nani kaondoa mashua yake na nani bado yupo. Halafu ndio anataja ada, tena kwa aibu, kama mtu anayeomba chumvi. Hapa ploti wapangaji wenzangu wananiita "fundi". Wanaleta nguo, wanachukua nguo, tumemaliza. Kamau alikuwa mtu wa pekee anayeniuliza nimeamkaje. Kwa hiyo mimi nilikuwa nalipia gati na salamu kwa pamoja, na ukiangalia hivyo haikuwa ghali.

(Awuor, nakujua. Weka hiyo leso chini. Bado hatujafika pabaya.)

Mwezi huu Kamau akapiga, sauti si yake.

"Mama Bahati, wamepandisha tena."

"Hii nayo ni ya nini?"

"Wanasema ni ya maji."

"Maji gani?"

"Ya ziwa, mama."

Akashusha sauti akaniambia kwamba nisipolipa, wataivuta nchi kavu na kuiuza wenyewe. "Iondoe, mama," akasema. "Mimi sifai kukwambia hivi. Lakini iondoe."

Ndipo nikatafuta mnunuzi. Nilimpata Shem, ana kibanda cha samaki Kawangware, kando ya Barabara ya Naivasha. Alitaka kuisimamisha mashua mbele ya kibanda, aweke viti ndani, wateja wale samaki wakiwa wamekaa kwenye mashua. Nilifikiri ananitania. Hakuwa anatania. Bei tukaelewana kwa simu. Mashua ya Naivasha kwenda Barabara ya Naivasha. Nikajiambia haitapotea njia.

Ikaja leo asubuhi juu ya lori la kabichi. Dereva alikuwa anaishia soko la Toi, Kawangware si njia yake, kwa hiyo akaja na watu wake wakaishusha mbele ya lango la ploti yetu na kwenda zao. Mashua ya watu, hapa Kianda, imelalia ubavu katikati ya uchochoro, majani ya kabichi yamejaa ndani.

Watu wakatoka. Jirani wa mlango wa tatu, mswaki mdomoni, akauliza, "Fundi, gharika ni lini?" Mwingine akasema nimwekee nafasi yeye na kuku wake. Wakapiga picha. Watoto wa shule wakapanda, wakapiga makasia hewani, wakashuka wakaenda shule. Kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu ile mashua, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi au ni ya nani. Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Nilikuwa hata nimevaa gauni zuri.

Kisha akatokea mwenye ploti, Mama Zubeda. Mama Zubeda ni Mnubi, alizaliwa hapa hapa, ploti aliachiwa na babake, na hata paka akikaa langoni anataka kujua anakaa kwa mpango gani.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ni mashua, Mama Zubeda."

"Naona ni mashua. Nauliza kwenye lango langu ni nini."

"Inaondoka leo leo."

"Pikipiki zikilala hapa zinalipa. Mikokoteni inalipa. Hii tunaiweka kundi gani?"

"Lakini hii hailali, Mama Zubeda. Inapita tu."

"Imelalia ubavu, fundi. Naiona kwa macho yangu."

Jamani! Nimeikimbiza mashua kutoka kwa ada ya gati Naivasha, nafika Kianda naikuta ada imetutangulia, imejifunga kanga, inakunywa chai. Tukasikizana nimshonee mapazia ya sebuleni. Hata lango la ploti lina mandhari siku hizi.

Nikamtafuta Kasim, wa mkokoteni. Kasim ni mtu mkubwa, wa viatu vya gambuti, na ana sauti ndogo kama ya mtu anayeongea kanisani. Akaizunguka mashua mara mbili.

"Mathe, hii inaelea?"

"Majini, ndio."

"Nauliza kwa sababu hiyo mvua inakuja ni kali."

Yeye na wenzake wawili wakaipakia, wakaifunga kamba, wenzake wakaenda. Tukashika njia, Kasim anavuta, mimi nasukuma. Tulipofika kituo cha Olympic goti langu likakataa. Mnajua lile goti. Kasim akageuka akanitazama ninavyochechemea.

"Panda tu, mathe."

"Nitakuongezea mzigo."

"Wewe huna uzito. Panda, mvua hiyo."

Nikapanda. (Hapa ndipo nilipokosea. Kama kuna mahali pa kuandika msalaba mwekundu kwenye ramani, ni hapo Olympic.) Mvua ikaanza papo hapo, matone makubwa kama ya kusudi. Nikavua viatu vilivyolowa nikabaki na soksi. Nyeupe. Kasim akanifunika kwa turubai la mashua lenyewe, lile la kijivu, akalikaza kamba pande zote ili upepo usilichukue. Chini ya kiti nikakuta jaketi la Barasa, lile la rangi ya machungwa la kuelea majini. Nikaliweka chini ya kichwa.

Wapendwa, lilikuwa bado na harufu. Petroli, samaki, na ile sabuni yake ya kipande ambayo nilimkataza miaka yote. Mvua inapiga juu ya turubai, mkokoteni unayumba kwenye mashimo, huku, kule, huku, kule, sawasawa na maji ya jioni tunaporudi na mgeni wa mwisho. Tangu mwaka juzi nalala kitanda kipana upande mmoja tu, kama mtu anayebanwa, na silali. Leo nimelala ndani ya mashua juu ya mkokoteni kwenye Barabara ya Ngong, magari yanapiga honi, na nimelala kama mtoto aliyeshiba.

Sijui tulifikaje Kawangware. Yaliyotokea nimeambiwa baadaye na Kasim mwenyewe. Gurudumu lilipata pancha. Mvua bado inanyesha. Akanichungulia, akaona nimelala, akaona vibaya kuniamsha. Akausogeza mkokoteni chini ya kibaraza kilichokuwa karibu, akauinua kwa mawe, akang'oa gurudumu na kwenda nalo kwa fundi wa pancha.

Mtu mwenye roho nzuri kabisa. Shida ni kwamba kile kibaraza kilikuwa cha seremala wa majeneza.

Mimi nikaamshwa na kuimba. Sauti ya mwanamke, karibu sana, na wengine wawili watatu wanaitikia nyuma. Wimbo wa matanga. Nikafikiri naota mazishi ya Barasa, kwa sababu huwa nayaota. Nikafungua macho. Kijivu. Giza la kijivu, lina harufu ya samaki. Hakuna anayeelewa haraka akiwa katika hali hiyo, nawaambia.

Kisha wimbo ukaisha na watu wakaanza kuongea.

"Ni nani huyu?"

"Si ameandikwa hapo ubavuni. Bahati."

"Bahati nani?"

"Bahati wa Pili."

"Wa pili? Kama wafalme?"

"Labda babake pia aliitwa Bahati."

"Huyu ni mwanamke, angalia miguu."

Nikaangalia mwelekeo wa miguu yangu. Kulikuwa na mwangaza huko. Turubai lilikuwa limepanda, na miguu yangu miwili ilikuwa nje, imekaa pamoja, kwa adabu, ndani ya soksi nyeupe.

Sauti nzito ya kiume ikasema, "Niwaambie mapema, hili sanduku si kazi yangu." Huyo ndiye seremala, mzee mmoja anaitwa Gitau. Nikasikia anagonga faiba kwa vidole. Ko, ko, ko. "Lakini si baya. Angalia hapa lilivyokunjwa. Haliingizi maji."

"Kwa nini lina ncha mbele?"

"Watu wa ziwa hao. Wana mambo yao."

"Na wenyewe wako wapi? Mtu anaachwaje barabarani peke yake na mvua hii?"

"Pengine hana watu."

Sasa mtaniuliza, Nafula, kwa nini hukuinuka? Kwanza ni woga. Watu wengi, turubai limefungwa kamba, na mimi nimelala, nainuka naanza kusema nini? "Hamjambo"? Nikaamua nisubiri waondoke. Mpango mzuri. Lakini hawakuondoka, walizidi kuja. Na nikiendelea kusema ukweli, kuna sababu ya pili. Nilitaka kusikia. Tuko wengi tunaopita ile njia, nimewahi kushona sare za watoto wa Kawangware, nilidhani kuna mmoja atasema, "Ngoja, hii miguu si ya yule fundi?" Mmoja tu. Nikalala nikatega masikio.

Walisema Bahati. Walisema marehemu. Walisema mwili. Walikisia nimetoka Homa Bay, nimetoka Mombasa, nimegongwa na gari, nimekufa na presha. Mmoja alisema nilikuwa na umri mkubwa sana. (Huyo akisoma hapa ajue nilimsikia.) Hakuna aliyesema Nafula.

Halafu mkono ukanishika mguu.

Ni yule aliyekuwa anaimba. Baadaye nilimjua, anaitwa Rispa, anachoma mahindi chini ya mwavuli ng'ambo ya barabara, na aliacha mahindi yake kwenye makaa akavuka mvua kuja kumlilia mtu asiyemjua. Mkono wake ulikuwa wa moto kwa sababu ya jiko. Akanishika tu. Halafu akaona lile tundu, kidole gumba changu kimechungulia. Akakirudisha ndani. Akaivuta soksi taratibu, akaikunja ile sehemu ya tundu chini ya wayo isionekane, akaupigapiga mguu mara mbili kama mtu anayemlaza mtoto.

"Pole, mama," akasema. "Pole. Na wewe ulikuwa wa mtu."

Nililia. Sina haja ya kuwaficha. Nililia bila sauti, machozi yakiingia masikioni, nimebana mdomo kwa jaketi la Barasa, kwa sababu maiti ikilia ni mambo mengine.

Na ningeweza kukaa hivyo mpaka jioni. Lakini Shem akafika.

Kasim alikuwa amempigia kumwambia mashua iko kwa seremala, aje aione wakati gurudumu likizibwa. Nikasikia sauti yake ya haraka haraka, ile niliyoizoea kwenye simu. "Hiyo ni mashua yangu! Niaje, mbona mmejaa hapa? Sogeeni!"

"Heshima, ndugu," mzee Gitau akamwambia. "Kuna mwili ndani."

"Mwili wa nini?"

"Wa mtu."

Kisha Shem akapaza sauti. "Zii! Mimi nilinunua mashua. Sikununua maiti! Nani atakula samaki ndani ya jeneza? Huyo mama amenichezea! Ngoja nimpigie. Nampigia sasa hivi, mbele yenu wote!"

Mnaona tunakoelekea.

Simu yangu ilikuwa kifuani, ndani ya gauni, mahali pa salama. Na mlio wake mnaujua, ile tarumbeta ya harusi ambayo mtoto wa dada yangu aliniwekea na siwezi kuitoa. Ikalia. Ndani ya jeneza. Ta-ta-ra-taaa!

Nje, hata mvua nadhani ilisimama.

Sasa, mtu mwenye akili angeizima. Mtu mwenye akili zaidi angeiacha ilie. Lakini mimi simu yangu hailii mara nyingi. Ikilia, mkono unaenda wenyewe, na mdomo unafuata. Nikaipokea. Nikasema, kwa sauti yangu ya kila siku, ile ya heshima kwa wateja:

"Halo Shem! Niko njiani, nakaribia kufika."

Wapendwa wa grupu. Mimi sijawahi kuona watu wakikimbia hivyo, na hata hao sikuwaona, nilisikia tu. Mabenchi. Mabati. Mtu akaliita jina la Yesu kwa lugha tatu. Mwingine akapiga kelele, "Anapiga simu! Anapiga simu!" (Si kweli. Nilikuwa napokea. Sina salio.) Mzee Gitau aliingia dukani kwake akajificha, na hapo dukani kwake pa kujificha ni ndani ya jeneza tu. Alifunga na kifuniko.

Na Rispa alikuwa bado amenishika mguu. Alikimbia bila kuachia. Mashua ikatikisika, mguu ukanyooka, halafu nikahisi baridi. Alikuwa ameondoka na soksi.

Kasim ndiye aliyekuja akanifungulia kamba, gurudumu begani. Akanitazama. Akaitazama barabara, tupu, viatu vya watu vimetapakaa.

"Mathe, umewafanyia nini?"

Nikakaa wima ndani ya mashua, nywele zimesimama, mguu mmoja una soksi, mmoja hauna, nimekumbatia jaketi la machungwa. Walikuwa wameshaipiga miguu yangu picha, na sasa simu zao zikatoka tena. Kutoka nyuma ya kila ukuta, kila kibanda, mkono na simu. Hizo ndizo picha nyingine mlizoziona. Ile niliyopepesa macho ndiyo mbaya zaidi, na naona ndiyo inayosambaa.

Ilichukua muda watu kurudi. Walirudi kwanza kwa ncha za vidole, halafu kwa vicheko, wakicheka kila mmoja mwenzake alivyokimbia. Mzee Gitau akafunguliwa kifuniko. Shem alibaki mbali, ameshika simu kama rungu.

"Siichukui," akasema. "Mathe, samahani, lakini siichukui. Watu washasema ni jeneza. Biashara yangu itakufa kabla haijafunguliwa."

Nikaona mkokoteni unarudi Kianda, nikamwona Mama Zubeda langoni na kikombe chake.

Mzee Gitau akajipangusa vumbi la mbao. "Basi nitaichukua mimi," akasema. "Naiweka hapo mbele ya duka. Faiba, haiozi, haiingizi maji. Nairobi ina watu wengi wa ziwa. Na nusu ya Kawangware wameshakuja kuiona bila tangazo."

"Ati nini?" Shem akasogea hatua.

"Nimesema nitaichukua."

"Mzee, usiguse mashua yangu."

"Si umeikataa?"

"Nimeikataa lini? Nani amesikia nimeikataa?"

Umati mzima ukainua mikono. Shem akawatazama, akaona walivyokuwa wengi, wote wamelowa, wote wana njaa, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyeona taa. Akanilipa pale pale, bei tuliyosikizana, halafu akawageukia. "Samaki iko tayari! Njooni mkae kwa mashua ya mama aliyefufuka!"

Wakaenda. Wapendwa, walienda! Waliibeba mashua mabegani, Bahati II juu ya vichwa vya watu, mbele Kasim, ikapita Barabara ya Naivasha kama inaelea. Mimi nikafuata nyuma na soksi ya mguu mmoja. Kabla haijatuliwa chini ilikuwa imeshajaa watu wanaoagiza tilapia. Shem akaniletea sahani kubwa, bure, na ugali, lakini kwenye kiti cha nyuma, pale Barasa alipokuwa anakaa kushika usukani, alikuwa amekaa mtu anayeongea na simu, ameegemea kama kwake. Nikala nimesimama. Samaki alikuwa mtamu, nisiseme uongo.

Rispa akanipata hapo. Alikuwa amekunja soksi yangu vizuri, ameikausha kwenye jiko la mahindi. Ina harufu ya moshi hadi sasa. Akanipa huku amefunika uso, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Nisamehe, dada. Nilikimbia nayo."

"Wewe ndiye unisamehe. Umelia bure."

"Si bure. Kwani unaitwa nani? Maana si Bahati."

"Naitwa Nafula."

"Nafula," akasema, kama anaonja chai. "Sawa. Maana nilikuwa nakuombea kwa jina la mashua."

Tukacheka mpaka tukashikana. Halafu mteja akamwita, mahindi yanaungua, akavuka barabara mbio. Nilitaka kumwomba namba yake ya simu. Nikafungua mdomo, gari likapita, na likiisha kupita alikuwa amesharudi chini ya mwavuli, anapepea makaa, ana wateja watano. Nikampungia. Sijui kama aliona.

Nimerudi Kianda kwa miguu, goti likilalamika. Jaketi nimebaki nalo, sikuliuza. Nimepita langoni, Mama Zubeda akaniuliza mapazia yatakuwa tayari lini. Jirani wa mlango wa tatu akauliza kama suruali ya mtoto imepunguzwa. Nikasema kesho. Nikafungua mlango, nikawasha taa, nikakaa kitandani, upande ule ule.

Hapo ndipo nikaona nina habari kubwa kuliko zote za maisha yangu na sina wa kumwambia. Nikawakumbuka nyinyi.

Basi nawaomba, msicheke. Na ikiwa ni lazima mcheke, msichekee huko mliko. Njooni mchekee hapa kwangu. Chumba ni futi kumi kwa kumi, na kwa mtu mmoja ni kikubwa mno.